Mitambo Miwili Iliyozama Minjila

Sijapata kuona watu wazima wakigombania vyuma kama wale wazungu wawili waliolima pamba karibu na kwetu Hewani. Mmoja shamba lake lilikuwa upande wetu wa mto, mwenzake ng'ambo. Kila mmoja alikuwa na mtambo wake wa kulimia, ulioletwa vipande vipande kutoka Kipini, na kila mmoja aliapa kwamba wa mwenzake ni takataka. Kwa hilo niliwaamini wote wawili.

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa vibarua wa yule wa upande wetu. Mtambo wake ulikwenda kwa mvuke, na ubavuni ulikuwa na kichwa cha nyati, chapa ya kiwanda chake. Bwana alikifuta kichwa kile kwa kitambaa kila asubuhi, hata kabla hajanawa uso wake. Ulikuwa mlafi mtambo ule. Tuliukatia kuni tangu alfajiri, na maji yake yalipochemka hatimaye, mama yangu alikuwa amekwisha kulima jaruba lake la mpunga na kurudi nyumbani kupika.

Wa ng'ambo ulikunywa mafuta ya taa. Ulikuwa mdogo, wenye chapa ya taji, unanuka kama kibatari kilichopinduka. Siku ulipokataa kuwaka, mwenyewe aliupiga teke, halafu akaupapasa kama anayeuomba radhi.

"Injini ya mafuta hapana nguvu," bwana wetu alituambia. "Ile mbuzi tu."

Yule mwingine alivuka mto kwa mtumbwi, safari nzima hiyo, ili aje kusema, "Injini ya kuni ni jiko. Jiko na magurudumu!"

Mwisho wakakubaliana kushindana Minjila, kwenye mbuga ambako mafuriko yalikuwa yamepungua. Watu walikuja kutazama hata kutoka Ngao. Wafugaji wa Kiorma nao walisimamisha ng'ombe wao pembeni, wakaegemea mikuki.

Wa taji ulianza. Ulikwenda hatua chache, ukakohoa, ukazimika. Mwenyewe akasema mafuta yalikuwa machafu. Wetu ukafuata, ukapasua mfereji mrefu ulionyooka, na bwana akavua kofia kuwapungia watu mkono kana kwamba amelima yeye. Hapo hapo gurudumu la nyuma likadidimia katika udongo mweusi. Mtambo ukakaa kitako.

"Kuni!" bwana akafoka. "Leta kuni!"

Shemeji alizisukuma ndani, moja juu ya nyingine, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa. Mtambo ukatetemeka bila kusogea. Kisha bomba likapasuka, mvuke ukamvaa kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Nilimsikia akimwita mama yake.

Bwana aliruka chini, akakimbia. Nilidhani anamkimbilia shemeji. Akampita, akaenda kulishika bomba. Mwenzake naye akaja mbio, naye pia akampita.

"Nilikwambia! Chapa yako bomba zake ni bati!"

"Na yako je? Haikufika hata hapa!"

Walibishana hivyo, mtu akigaagaa miguuni pao.

Mfugaji mmoja alinipa kibuyu chake cha maji, nikamwagia mkono ule taratibu. Ngozi ilikuwa inainuka. Bwana alipochoka kubishana alimgeukia mfugaji yule, akamtaka alete ng'ombe wa kuvuta mtambo.

"Ng'ombe yangu hapana vuta chuma," mfugaji akamjibu. "Wewe, vuta mtu kwanza."

Bwana hakuelewa, au alijifanya hakuelewa. Akanigeukia mimi. "Wewe! Zima moto!"

"Zima mwenyewe, bwana," nikamwambia. "Moto ni wako."

Sikuwahi kumjibu mzungu hivyo. Tulimbeba shemeji mpaka mtoni, tukamlaza kwenye mtumbwi, tukampeleka hospitali ya misheni Ngao. Njia nzima alinishika nguo kwa mkono wake mzima.

Alikaa huko mpaka mvua zilipoanza tena. Mkono ulipona, lakini kiwiko kilibaki kimejikunja.

Siku moja mke wangu alinipokea nikitoka kumtazama. "Na wale mabwana," akauliza, "wamekwenda kumpa pole?"

"Wamekwenda Ngao, ndiyo. Kuazima kamba."

Alidhani natania. Sikutania. Walipita mbele ya mlango wa chumba alicholala, wakirushiana maneno yale yale ya nyati na taji, na hakuna aliyeingiza hata kichwa.

Kamba hazikuwafaa kitu. Mto ulifurika, mitambo yote miwili ikazama mpaka shingoni, na pamba ikaoza. Wenyewe waliondoka kuelekea pwani kwa mashua moja, na waliowapigia kasia walituambia kwamba mpaka Kipini walikuwa bado wanabishana ni chapa ipi ingeshinda.

Maji yalipopungua tuligawana ile mbuga sisi wenyewe. Nilishika jembe, shemeji akanifuata nyuma akimwaga mbegu za mpunga kwa mkono wake mzima. Mwanzoni alizimwaga vibaya, akajicheka. Zikaota hivyo hivyo, huku zimesongana, kule chache, na tukala.