Alichouliza Rubani

Shangazi yangu Eusebia Ludueña alifuga ng'ombe wa maziwa nje ya mji wa Córdoba, kwenye malisho aliyokodishwa na jeshi, ng'ambo ya uzio wa kiwanja chao cha ndege. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye mdomo mkali. Ng'ombe wake aliwapa majina ya mawaziri ili apate kuwatukana kwa raha. Ndege mpya za kivita zilipojaribiwa juu ya paa lake, hakuinua hata macho.

Asubuhi moja ya baridi aliinua. Ndege ya majaribio, ya kwanza ya aina yake, ilikohoa, ikazimika, ikashuka kimya juu ya malisho. Ilipasua uzio, ikagonga mtaro na kuvunjika. Shangazi alifika kabla ya wanajeshi. Rubani alikuwa amebanwa kitini, kifua kimepondeka, macho wazi. Akamshika mkono mpaka ulipolegea.

Jioni akaja ofisa.

"Mama, kafa papo hapo. Hakuhisi kitu. Mtu akikuuliza, ndivyo utakavyosema."

Shangazi akaitikia. Miaka ile, nani angebishana na jeshi?

Baada ya wiki chache, mke wa marehemu, Nélida, alikuja peke yake kwa miguu, viatu vimejaa tope. Shangazi akamketisha jikoni, akampa chai chungu ya kwao, ile inayonyonywa kwa mrija.

"Alikufa papo hapo, mwanangu. Hakuhisi kitu."

Nélida akasukuma chai pembeni. "Na wewe pia? Mkuu wake kasema hivyo, padri kasema hivyo. Kama kasuku! Nilidhani mkamua ng'ombe hana wa kumwogopa."

"Nilikuwa nakuogopa wewe," shangazi akasema.

Kisha akamweleza yote, bila kuficha maumivu wala damu.

"Alisema neno?"

"Aliuliza kama ameua ng'ombe. Nikamwambia wote wazima, wamekimbilia kisimani. Akasema, 'Afadhali. Wangenijia ndotoni.'"

Nélida aliangua kicheko. "Ni yeye! Mama, alikuwa anaogopa ng'ombe! Kwa baba yangu alikuwa hapiti zizini mpaka nimshike mkono."

Kisha akalaza kichwa mezani, akalia mpaka saa ya kukamua ikapita, na ng'ombe wakaanza kulalamika.

Habari zilimfikia ofisa. Mwaka uliofuata jeshi lilikataa kumkodisha shangazi malisho yale, akalazimika kuuza nusu ya mifugo. Alitukana wiki nzima, kisha akaacha. Si malisho yaliyomsumbua. Nilipokuwa nikimsaidia kukamua, alikuwa akiniambia, "Nilimrudishia mumewe, nikampa na maumivu yake. Sijui kama ningeweza kumpa kimoja bila kingine."

Nélida hakurudi tena. Shangazi hakumlaumu.