Bi Tabu wa Madungu Mawili

Mpunga ukishaanza kushika maziwa, mabonde ya delta ya Rufiji hunukia namna ambayo sijaikuta kwingine: harufu tamu kidogo, ya majani mabichi, iliyochanganyika na tope na moshi wa kuni zisizokauka. Harufu hiyo ndiyo iliyotutangazia kwamba likizo yetu imekwisha kabla haijaanza. Familia zilihamia mashambani, na sisi watoto tukapanda kwenye dungu, kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo ndefu, kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua lizame. Dungu letu lilitazamana na la kina Siwema, rafiki yangu wa tangu tukitambaa. Kati ya madungu hayo mama zetu walitandaza kamba moja yenye makopo matupu. Ncha zake hazikufungwa popote, zilikuwa mikononi mwetu. Nikivuta huku naye akivuta kule, makopo yalipiga kelele juu ya mashamba yote mawili na kwelea, wale ndege wadogo wala mpunga, wakatawanyika. Mmoja akiachia, kamba ililala juu ya mpunga na makopo yakanyamaza.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa darasa la sita. Mwalimu Tumaini, mtu wa bara aliyekuja kufundisha Ruaruke na aliyeogopa mtumbwi kuliko sisi tulivyoogopa fimbo yake, alikuwa na riwaya moja ya zamani iliyosomwa hadi jalada likatoka na mgongo ukapasuka katikati. Hakuwa na nakala nyingine. Akanipa mimi nusu ya mbele, Siwema nusu ya nyuma, akatuagiza tubadilishane baada ya wiki mbili. Leo, nikiwa mwalimu, najua lilikuwa kosa. Wakati ule niliona ni busara tupu.

Katika nusu yangu alikuwamo mwanamke aitwaye Bi Tabu, aliyefungia chakula kwa kufuli, akahesabu vipande vya samaki, akamfukuza mkwewe mjamzito mvua ikinyesha. Nilimchukia mpaka nikawa natafuna midomo. Kipenzi changu alikuwa Hamadi, mdogo wake Bi Tabu, kijana mcheshi aliyembeba dada yake mgonjwa mgongoni mwendo wa siku nzima hadi kwa mganga. Siku ya tatu nikamsimulia Siwema ubaya wa Bi Tabu, nikipaza sauti kuvuka mashamba. Akanijibu kwamba sijui kusoma. Katika nusu yake njaa imeingia, Bi Tabu amefungua ghala alilokuwa akilifungia na kulisha mtaa mzima, naye Hamadi ametorokea mjini, kamwacha dada yake na watoto. Nikamwita Siwema mwongo. Akaniambia nampenda Hamadi kwa sababu mimi mwenyewe mvivu kama yeye. Maneno hayo yaliniuma, maana yalikuwa na chembe ya ukweli. Nikaachia ncha yangu ya kamba. Naye akaachia yake.

Hasira hasara, na hasara yenyewe kwelea waliila mchana kweupe. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Kwetu uliumia mpunga wa mpakani. Lakini mpunga haukuwa ukininyima usingizi. Baada ya mavuno kina Siwema walikuwa wanahamia moja kwa moja kwenye kisiwa kimoja cha mbali, naye angesoma shule ya huko. Nilijua kwamba tusipopatana kabla ya mpunga kukatwa, hatutapatana tena, na bado kiburi kilinizuia kumwita. Niliumia sana.

Mama alipoona suke tupu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia tumegombana juu ya Bi Tabu.

"Bi Tabu yupi huyo? Wa wapi?" akauliza. Kabla sijamaliza kujieleza akajifunga kanga kiunoni, akavuka kwenda kwa Mama Siwema. Nikamsikia akisema, "Mwenzangu, kuna mwanamke anaitwa Bi Tabu anapita mashambani anagombanisha watoto wetu. Tumtafute tumkanye."

"Na mimi nimemsikia," Mama Siwema akajibu. "Ila wangu anasema mtu mwema, kalisha watu wakati wa njaa."

"Mwema wapi? Kamfukuza mkwewe na mimba yake."

Nusura nao wagombane. Siwema ndiye aliyewaambia kwamba mtu mwenyewe yumo kitabuni. Walitutazama, wakaketi chini, wakacheka mpaka wakafutana machozi. Kisha wakaamuru tubadilishane nusu zetu papo hapo na kamba ivutwe.

Tukasoma. Siku ya nne nikamwita Siwema, nikakiri kwamba Bi Tabu ni mwanamke wa maana na Hamadi hafai kitu. Nilitegemea anikumbatie. Kumbe naye alikuwa ameshalia kwa ajili ya mkwe aliyefukuzwa mvuani, amempenda Hamadi, na sasa akanishangaa ninavyomtetea mchawi yule. Tukaanza upya, kila mmoja akishika maneno aliyoyaachia mwenziwe. Safari hii tulicheka wenyewe. Mama akasema, "Sasa tusomeeni wote, kuanzia mwanzo, mkipokezana." Basi kila adhuhuri, ndege wakijificha jua, tulisomea mama zetu katika dungu moja. Mama, asiyejua herufi hata moja, kila ukurasa alimhukumu Bi Tabu na kila ukurasa uliofuata alimsamehe. Siku mpunga ulipokatwa, Siwema alipanda mtumbwi tukiwa bado tunabishana.

Sasa nafundisha Kiswahili Kibiti. Wanafunzi wangu wana simu, na kabla hawajafungua kitabu wameshanakili sifa za wahusika: huyu mkatili, yule mwenye busara. Wanafaulu, siwalaumu. Ila wanafika ukurasa wa kwanza wameshamalizana na watu ambao hawajawajua, nami huwaambia nyumba njema si mlango, nao huandika hata hilo daftarini. Juzi nikawasimulia habari za Bi Tabu. Binti mmoja akachukua kalamu, akaniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, alikuwa mwema au mbaya?" Nikamwambia ukweli: mimi na Siwema tumezeeka hatujakubaliana, na ndiyo maana kila Ijumaa bado tunapigiana simu.