Hou Qiuyun akataa kuugua

Hou Qiuyun hakuwa na homa wala kikohozi. Lakini Ijumaa ile Mwalimu Geng, mlezi wa darasa lao, alimwita koridoni akamwambia kwamba Jumatatu angekuwa mgonjwa.

"Mgonjwa wa nini, Mwalimu?"

"Wa chochote. Jumatatu ni mtihani wa pamoja wa Kiingereza, shule zote za wilaya. Kusikiliza kwako unakujua mwenyewe. Pumzika nyumbani, binti. Wenzako watatu wameshakubali."

Kweli, Qiuyun aliujua udhaifu wake. Shule ya msingi ya kijijini kwao, huko juu milimani katika mkoa wa Gansu, China, ilikuwa na mwalimu mmoja wa masomo yote, na Kiingereza alikiandika ubaoni bila kukitamka. Qiuyun alijifunza lugha ile kwa macho. Kusoma alisoma vizuri, hata habari ndefu aliimaliza bila kujikwaa. Lakini spika ikianza kusema, maneno aliyoyajua kwa sura yalimpita kama watu waliojifunika nyuso. Na wastani wa darasa ndio uliompa Mwalimu Geng heshima mbele ya mkuu wa shule.

Jioni alikuta habari imeshafika nyumbani, katika chumba walichopanga hapo mjini. Mama yake alikuwa akikanda unga wa mikate ya mvuke, ile anayouza asubuhi langoni mwa hospitali.

"Mwalimu kapiga simu," mama alisema bila kuinua uso. "Kasema kwa upole kabisa. Siku moja tu, mwanangu. Utanisaidia kuuza."

"Kwani mimi naumwa, mama?"

"Kinachokuuma ni mdomo."

"Basi nitaupeleka shuleni ukatibiwe."

"Qiuyun! Baba yako yuko mbali Xinjiang anajenga, anapigwa na upepo juu ya maghorofa ili usome, si ili ugombane na walimu."

"Ndiyo maana siwezi kukaa nyumbani. Akiniuliza nimepata ngapi, nimwambie niliuza mikate?"

Mama akaupiga unga ngumi.

Jumatatu Qiuyun hakuliona dawati lake darasani. Lilikuwa koridoni pamoja na mengine matatu, limesukumwa ukutani, kiti kimepinduliwa juu yake. Akakishusha kiti, akalishika dawati, akaanza kuliburuta. Miguu ya chuma ikapiga kelele sakafuni mpaka darasa zima likageuka. Mwalimu Geng akaja mbio.

"Si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na mama, Mwalimu. Mimi sikuulizwa."

"Unataka kuwaangusha wenzako wote?"

"Nataka kufanya mtihani. Kama ni kuanguka, nianguke nikiwa ndani."

Msimamizi, mwanamke aliyeletwa kutoka shule nyingine, alitokeza mlangoni na karatasi za maswali. "Huyu ni mwanafunzi wa hapa?"

Geng akasogea kando ya mlango. "Ni wa hapa."

"Basi aingie. Tunaanza."

Spika ikakoroma. Mwanamume na mwanamke wakazungumza habari ya treni, au labda ya mvua, Qiuyun hakujua. Mazungumzo mafupi yalisomwa mara moja tu. Ya kwanza yakampita, ya pili yakampita. Machozi yakamlengalenga. Akayafuta kwa mkono wa sweta, akadaka neno moja, kisha jingine, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Marefu yalirudiwa, na hapo akapata majibu mawili matatu ya hakika. Mengine alibahatisha. Ilipofika zamu ya kusoma, akainama, na hakuinua kichwa mpaka kengele.

Matokeo yakaja, na darasa lilikuwa limeshuka nafasi moja wilayani. Mwalimu Geng hakuzungusha maneno.

"Simama, Hou Qiuyun. Waambie wenzako nani katushusha. Kusikiliza umepata chini ya nusu."

Akasimama. "Na kusoma, Mwalimu?"

Geng akaanza kuikunja karatasi.

"Naomba uisome na hiyo."

Geng akaisoma kwa haraka. Darasa zima, ni wawili tu waliompita.

"Alama zote ni zangu," Qiuyun alisema. "Nilizipata nikiwa mzima. Sina la kuomba radhi."

Alihamishiwa nyuma kabisa, karibu na mafagio na pipa la taka. Alilia mara moja, chooni, akanawa uso. Tangu hapo kila alfajiri alisimama nyuma ya bwalo la shule na kinasa sauti kidogo, akiyarudia maneno ya Kiingereza kwa sauti ya juu.

"Wewe kasuku, tuache tupike uji!" wapishi walimkemea.

Akaongeza sauti.

Asubuhi moja akamkuta hapo Bao Dekui, mmoja wa wale watatu waliokubali kuugua.

"Nimeambiwa niugue tena mtihani ujao," Dekui alisema.

"Na utaugua?"

"Nimechoka kuugua bila ugonjwa. Sogea, na mimi nisikie."

Mtihani uliofuata, wanne wote walikuja, wakaketi nyuma. Mwalimu Geng aliwatazama. Mwishowe akasema, "Haya, tegeni masikio. Spika iko mbali na huko nyuma."

"Basi iongezwe sauti, Mwalimu," akasema Qiuyun.

Darasa likaangua kicheko. Geng akainua mkono hadi kwenye spika ukutani, akaiongeza sauti.