Chef alitaka abonyeze bouton yeye mwenyewe

Leo nilitengeneza ordinateur, kompyuta ya zamani ya bureau ya météo, wakaizima sababu ya heshima.

Ile machine iko kubwa kama frigo. Ndani ya diske yake kuko vipimo vyote vya mvua Papa Désiré, mupimaji wa zamani wa bureau, alichukua mpaka akaenda retraite. Kesho asubuhi bureau inaiuzisha kama chuma chakavu. Kwa hiyo, kukopia ni leo ao basi.

Diske ilikuwa inaanza kuzunguka, inachoka, inasimama. Nikabadilisha câble. Bure. Nikapima courant ya umeme: volts 160, na inaomba 220!

Kumbe moulin ya kusaga bunga ya Maman Furaha, nyuma ya ukuta, ndiyo inakula yote.

Nikamwendea. "Maman, simamisha dakika kumi tu."

"Kumi, technicien. Watu wako na njaa."

Volts 215. Diske ikashika mbio, écran ikawaka. Papa Désiré, alikuja kuiangalia, akapiga makofi sawa mutoto.

Nikatoka kuchukua vyombo vya kukopia. Kurudi, écran nyeusi.

Secrétaire ananiambia: "Tumeizima. Chef wa bureau iko anakuja, ni yeye anapashwa kuiwasha."

Chef akakuja na kravati, akabonyeza huku wanamupiga picha. Moulin ilisharudia kazi. Diske ikazunguka kidogo, ikasimama.

"Technicien, si ulisema imepona?"

Papa Désiré alikaa tu chini.

Sasa niko naandika mbele ya moulin, nangoja bunga ya watu iishe, ndio niiwashe tena. Kumebaki beseni tano.

Bandugu, mungekuwa miye, mungemujibu chef nini?