Nilibakisha Ile Nyeusi Kando ya Foto

Admin, jina yangu uifiche kabisa, juu kambi yetu ya Dzaleka, hapa Malawi, ni ndogo na bantu banajuana. Mi ni mwanamke wa miaka makumi tatu na moja, nimetoka Bukavu, kazi yangu ni kushona nguo. Hii barua nimeiandika na kuifuta mara tatu. Sijamwambia mutu, hata pasta.

Baba yangu alikuwa mupiga foto. Tulipokimbia vita, mama alibeba sufuria, mi nikabeba apareyi ya baba, ile ya zamani ya kutia filme. Hapa kambini bakanicheka sana. "We dada, dunia yote iko na simu, we unahangaika na filme!" Nikabaacha bacheke. Miaka mbili nilipiga bantu ba hapa: mama anaanika mihogo, mwalimu wa korali, na jirani yangu fundi wa kabaza, zile baiskeli za kubeba bantu, nitamwita Matayo. Filme nilisafisha mwenyewe nyumbani, blanketi kwa dirisha, jasho inatoka mpaka kwa magoti.

Zilipofika filme saba, nikasema sasa nitengeneze kijitabu changu. Nikaenda Lilongwe, Area 18, kwa bwana mumoja wa fotokopi. Foto zikatokea kwa kompyuta yake na ile nyeusi ya kando ya filme imezizunguka. Akaniuliza kama aikate. Nikaruka! "Acha hapo hapo! Ile nyeusi njo inaonyesha hii ni filme ya kweli, si ya simu." Akasema chabwino, akaacha. Chini ya kila foto niliweka jina ya mutu, pahali alitoka, na mustari wa Biblia anaoupenda. Nikarudi, nikakunja karatasi, nikazishona katikati na mashini yangu ya nguo, vijitabu kadhaa, kimoja nikamupa Matayo. Ee Mungu, vile nilifurahi siku ile! Baba angekuwa hai angenipigia mikono.

Sasa angalieni ujinga yangu. Mi mutoto wa Bukavu, niliyekaa kwa kilio mingi kuliko harusi, nilisahau kwetu karatasi yenye foto ya mutu, nyeusi kuzunguka, jina na mustari chini, inagawiwa siku gani: siku ya kuzika. Hapa hakuna aliyeshituka, juu Matayo banamuona kila asubuhi na mafuta kwa mikono, anagombana na bantu ba kabaza.

Mama mumoja wa kanisa alikuwa anarudi kwetu, anapitia Uvira mpaka Fizi. Kijitabu kizima niliona kitamuletea maswali ya askari njiani, basi kwa kijitabu kimoja nikachana ukurasa wa Matayo peke yake, nikamwambia, "Upelekee mama yake, umwambie mutoto iko muzima." Matayo sikumwambia. Nilitaka siku moja mama yake amupigie simu akicheka.

Yule mama alifika Uvira, barabara ya Fizi ikafungwa na vita. Akamupa karatasi mutu wa pikipiki aliyekuwa anajaribu kupita. Yule wa pikipiki alijua nini? Alifika, akaitoa kwa mufuko, akamupa mama muzee mukononi, akaenda zake. Na rezo ya simu ilikuwa imekatika kwa wiki nyingi.

Mama ya Matayo alipiga kelele, majirani bakajaa. Balilia mutu asiye na maiti. Alikataa kula, alikataa maji, ile foto ameikumbatia. Siku ya ine presha ikamuangusha. Balimuzika na ile foto.

Rezo iliporudi, Matayo akapiga. Dada yake akalia, "We ni nani unatuchezea? Matayo tulishamulilia, na mama tumemuzika juu yake!" Alikuja kwangu siku ile ile, akakaa kwa sakafu pembeni ya mashini yangu. "Dada, kuko mutu alituma karatasi ya kifo kwetu toka hapa kambini. Nimemukosea nini?" Nilimupa maji. Nikamushika bega. Nikalia naye, mi mwenyewe!

Toka siku ile njo ananiita ndugu yake wa pekee hapa. Kila mutu aliyegombana naye kwa kazi, Matayo anamushuku ni yeye alituma, kumbe ni mi. Apareyi ya baba nimeifunga kwa kitambaa, siwezi hata kuiangalia.

Jumatatu ameniletea foto ndogo ya mama yake, ile ya karata ya uchaguzi. "Dada, unishonee kijitabu cha mama. Na uzungushe ile nyeusi, sawa na kwa foto yangu. Bila ile nyeusi, bantu batajuaje ni kilio?" Alisema hivyo, akaniangalia, akaenda zake kazini. Mi nikabaki na ile foto mukononi.

Dada yake iko njiani, anakuja huku na batoto bake. Ile karatasi yeye aliishika, aliiangalia. Na kwa ukuta ya Matayo kijitabu nilichomupa kimetundikwa, kimefunguliwa kwa ukurasa wake.

Bandugu, musinitukane, nimeshajitukana ya kutosha. Mutu aliyeniita ndugu, nitamwambia na maneno gani kwamba mama yake nilimuua na zawadi? Niambieni kabla dada yake hajafika.