Juisi ya ndizi ilivyonifungia fremu mbele ya geti la shule, Rwamishenye

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sikusimuliwa, na chumvi siongezi maana hakihitaji.

Nilikuwa na fremu ya duka pale Rwamishenye, Bukoba. Nauza juisi ya ndizi, ile Wahaya tunaiita omuramba. Kutoka mlangoni kwangu hadi geti la shule ya msingi ni hatua arobaini na mbili. Nilizihesabu.

Kwa juisi, hiyo ni lokesheni ya ndoto. Kwa pombe, ni marufuku. Masharti ya hapa kwetu hayataki kilevi karibu na shule wala nyumba ya ibada. Sikuwa na ugomvi nayo, hata mimi nina watoto.

Juisi ilikuwa inatoka Rubafu kwa baba yangu. Anakamua mwenyewe, kwa miguu, kwenye mtumbwi wa kukamulia, kama alivyofundishwa na babu.

Kwa msio wa Kagera: omuramba ukikaa siku mbili tatu bila ubaridi unachachuka wenyewe. Hapo jina linabadilika, inakuwa rubisi, yaani pombe. (Wataalamu mtasema rubisi halisi inatiwa mtama. Najua. Tusonge.)

Wiki moja umeme ukakatika siku mbili mfululizo. Friza ikawa kabati. Dumu mbili zikabaki humo, nikajisemea nitazimwaga kesho. Uvivu tu, sina wa kumsingizia.

Kesho yake asubuhi mzee wangu kaleta mzigo mpya, yuko kwenye benchi anakunywa chai, akaingia afisa wa manispaa. Anakagua fremu zote zinazozunguka shule. Kijana mstaarabu, si mtu wa huku. Akafungua friza, akafungua dumu. Povu. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akaonja, akakunja uso.

"Juisi yako imeharibika, ndugu. Mwaga, usije ukawauzia watoto."

Wakuu, hapo nilikuwa nimeshapona. Onyo la mdomo, namwaga, maisha yanaendelea.

"Sawa mkuu, imeharibika kweli. Namwaga sasa hivi."

Mzee akaweka chai chini.

"Imeharibika nini?"

Nikamkonyeza. Nikamwambia kwa Kihaya, "Taata, leka," yaani baba, achana nayo. Hakunitazama hata. Akachukua kikombe mkononi mwa afisa, akaonja taratibu.

"Mwanangu, hii haijaharibika. Imeiva. Hii ni rubisi, tena nzuri. Hii unapeleka ukweni."

Niwaeleze kidogo kuhusu mzee. Ni Mlutheri, mzee wa kanisa, sijawahi kumwona amelewa. Ila harusi nyingi za kijijini kwetu, rubisi inakamuliwa na yeye. Na kule ukipeleka ukweni kitu kilichoharibika, aibu haibaki kwa bwana harusi peke yake. Watu wanauliza nani alikamua.

Afisa akatazama geti la shule. Akanitazama mimi. Naamini alitaka kutusaidia.

"Mzee, una uhakika hii ni pombe?"

"Nakamua tangu wewe hujazaliwa."

Basi. Ikaandikwa kwamba pombe ya kienyeji imekutwa eneo lisiloruhusiwa. Leseni ikasitishwa, fremu ikafungwa, na hadi naandika hapa haijafunguliwa. Ndiyo ilikuwa inalisha nyumba yangu.

Nilikasirika, sitaficha. Tukiwa tunatoa friza nje nikamuuliza mzee kwa nini hakunyamaza dakika mbili tu.

Akasema, "Ulitaka nikubali mbele ya mgeni kwamba nimemletea mwanangu kitu kibovu?"

Mimi nilikuwa nimeshakubali, yeye akiwa amekaa palepale, na wala sikuona kama nimesema jambo.

Nilichojifunza: ukitafuta fremu usiishie kuhesabu hatua. Jua bidhaa yako inageuka nini ikilala. Na kama ni kazi ya mikono ya mzazi wako, pima maneno kabla hujaitikia mbele za watu, hata kama yanakuokoa.

Nimemaliza wakuu. Aliyewahi kufungiwa kwa sababu ya eneo aseme alijinasuaje. Wa kunitukana kwa uvivu wa dumu, ruksa, nimestahili.

Mzee muacheni.