Kabla ya Mama Mkubwa Kuonja

Mkojo uliopata nafasi katika chuo cha ualimu haukuwa wangu. Ulikuwa wa mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyekojoa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi nyuma ya nyumba yetu huku akicheka mpaka nusura aimwage. Niliifunga chupa ile, nikaitia kikapuni, nikaenda nayo Migori na kumkabidhi daktari wa serikali kwa mikono miwili. Fomu ikarudi na mhuri: mwombaji hana ugonjwa wowote wa kudumu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ugonjwa wa kudumu nilikuwa nao kwa mwaka wa pili.

Ulikuwa ugonjwa wa sukari. Hospitali ya misheni walinipa bomba la sindano la kioo, sindano mbili nene za kuchemshwa, na kichupa cha dawa ambacho hakikutakiwa kupata joto. Mama yangu alikiweka ndani ya mtungi mdogo uliosimama kwenye maji, pembeni ya nyumba pasipofika jua. Kila asubuhi nilijidunga pajani, kisha nilipaswa kula kabla saa moja haijapita. Nisipokula, dawa ileile inayoniweka hai iliniangusha: jasho, mikono kutetemeka, macho kuona giza. Nisipojidunga, nilikauka na kukonda. Hakukuwa na siku ya mapumziko. Watu waliponiambia nimshukuru Mungu niliitikia kwa kichwa kwa adabu, lakini moyoni nilikuwa na hasira ambayo hata leo, nikiwa bibi kizee, sijaimaliza.

Chuo nilikitaka kwa sababu moja kuliko zote, nayo haikuwa ualimu. Kilikuwa Homa Bay, mwendo wa nusu saa kutoka hospitali iliyokuwa na dawa yangu. Kwetu, upande wa Uriri unapoelekea Ogwedhi, kuipata dawa hiyo kulimaanisha siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi, na mvua ikikata njia hukuipata kabisa. Nilikwisha piga hesabu yangu kimya kimya. Nikibaki nyumbani, siku moja mto utajaa na mimi nitakufa.

Basi mwanzoni mwa Januari, siku chache kabla ya kuondoka, nikafanya kosa.

Baba alikuwa na wake wawili, na mama yangu alikuwa wa pili. Mke wa kwanza, ambaye kwa Kijaluo huitwa mikayi, sisi watoto wote tulimwita Mama Mkubwa. Kwetu, mazao mapya hayaliwi na mtu yeyote kabla mikayi hajavuna yake na kuonja. Kwanza yeye, halafu mke wa pili, halafu wengine kwa zamu zao. Si suala la uroho. Anayeruka zamu huiletea nyumba chira, maradhi ya kukonda yanayomfuata aliyevunja mwiko mpaka yamzike.

Asubuhi ile nilijidunga, nikanywa uji kidogo kwa haraka, nikaenda kupalilia maharagwe ng'ambo ya kijito. Jua lilipopanda, magoti yakaanza kulegea. Nilijua ni nini. Nilitazama njia ya kurudi nyumbani nikaona siwezi kuimaliza. Mbele yangu kulikuwa na mahindi ya Mama Mkubwa, mabichi, ya maziwa. Nilivunja hindi moja nikalitafuna bila kulipika, nikavunja la pili. Nilikuwa bado nimekaa chini, maganda mapajani, nywele za mahindi kidevuni, aliponikuta mwenye shamba.

Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mtoto wangu, umetuua," akarudi nyumbani kwa mwendo wa haraka.

Tangu saa hiyo kukonda kwangu kote kukapata maelezo. Nilikuwa nimekonda miaka miwili kabla ya kulila lile hindi, lakini jambo hilo halikumshughulisha mtu. Baba aliyekuwa likizo kutoka mashamba ya chai Kericho alitoa amri: hakuna mtu atakayetoka bomani mpaka tunywe manyasi, dawa ya mitishamba inayosafisha mwiko. Mganga alingojwa siku nne. Fomu yangu ilisema nifike chuoni Jumatatu, na Jumatatu ile niliipitisha nikiwa nimekaa mbele ya nyumba ya Mama Mkubwa na sanduku langu limefungwa kamba. Hatimaye tulikunywa, boma zima, kibuyu kimoja, maji machungu ya kijani. Mama Mkubwa akaniambia kwa upole, "Sasa imekwisha. Ile sindano ya wazungu itupe." Nikamwitikia. Mama yangu aliufunga mtungi ndani ya kanga akautia sandukuni kati ya nguo zangu.

Nilifika chuoni nimechelewa siku mbili, nikaandikwa jina katika kitabu cha wakosaji kabla sijaonyeshwa kitanda.

Wiki ileile nilijifunza sheria ya pale. Msichana mmoja wa mwaka wetu alianguka kifafa darasani. Mkuu wa chuo, mama wa Kiingereza mwenye miwani na viatu vya kamba, alimfunika kwa sweta lake mwenyewe, akakaa pembeni yake mpaka akaamka, na siku ya tatu akamrudisha kwao na sanduku lake. Alitukusanya akatueleza kwamba serikali haina walimu wa kutosha, na nafasi haiwezi kupewa mtu ambaye mwili wake hautaweza kazi. Alisema hivyo kwa huzuni, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama angesema kwa ukali. Nilikaa mstari wa pili nikiwaza mkojo wa mdogo wangu.

Kwa hiyo nilijidungia chooni. Mtungi niliuweka chini ya kitanda, na nilipoulizwa nikasema mimi siwezi kunywa maji ya bomba. Sindano nilizichemshia kwenye kopo siku za kupiga pasi, wasichana wengine walipokuwa wakigombania makaa. Jumamosi nilikwenda hospitali kwa kisingizio cha shangazi aliyelazwa, na shangazi yule aliugua kwa muda mrefu sana. Kila kitu pale kilikwenda kwa kengele: kuamka, kufagia, sala, uji, darasa. Na mezani kulikuwa na zamu. Mwaka wa pili walikaa na kujipakulia kwanza, mwaka wa kwanza tulisimama nyuma ya mabenchi mikono nyuma mpaka tuambiwe. Bakuli la sukari lilikaa mezani kwao, likatufikia sisi mwisho. Siku ya kwanza nilipouona utaratibu ule nilitaka kucheka, halafu nikataka kulia. Nilikuwa nimetoka kwa Mama Mkubwa mmoja nikaja kwa Mama Wakubwa arobaini.

Likizo ya Aprili Mama Mkubwa aliliona bomba langu. Alikuwa na hakika manyasi yalikwisha kuniponya na kwamba kioo kile ndicho kilichonirudisha nyuma, basi akalitumbukiza chooni. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Siku ya tatu nilikuwa nikinywa maji mtungi kwa mtungi na kutapika, sijui mchana wala jioni. Ni yeye aliyeazima baiskeli ya jirani, akanifunga kwa kanga mgongoni mwa mwenye baiskeli nisianguke, akatembea pembeni akinishikilia mguu mpaka misheni. Aliiona sindano ikiingia. Kesho yake alinikuta nimekaa kitandani nikiomba ugali. Tuliporudi nyumbani na bomba jipya, yeye ndiye aliyebadilisha maji ya mtungi wangu kila asubuhi.

Kisha ukaja mwezi wa Juni. Asubuhi moja palikuwa na ukaguzi wa mabweni ambao hatukuambiwa, na baada yake mgeni mmoja akaombwa aongoze sala kabla ya uji. Nilikuwa nimeshajidunga. Mgeni yule aliwaombea walimu, wakulima, wavuvi, wasafiri, na wote walio katika vifungo. Nilisimama nyuma ya benchi nikahesabu vidole vyangu kuona kama bado naweza kuhesabu. Nilipofika saba nikasahau. Kitu ninachokumbuka baada ya hapo ni ladha ya sukari. Nilikuwa nimeinama juu ya meza ya mwaka wa pili, mkono wote ndani ya bakuli, nikitia mdomoni konzi ya pili, na watu mia na kitu wakinitazama kabla hata ya amina.

Mwizi wa sukari. Ndilo jina nililokuwa nalo kufikia mchana. Wenzangu walikasirika zaidi kwa sababu kila siku walikuwa wakiniona nikinywa uji mtupu, wakadhani ni ucha Mungu. Mkuu wa chuo aliniuliza sababu. Nikisema mimi mgonjwa, ningefuata njia ya yule wa kifafa, tena na aibu ya kudanganya kwenye fomu. Nisiposema, nilikuwa mwizi. Nilinyamaza. Akaandika barua: mzazi afike kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo niende nyumbani moja kwa moja.

Baba alikuwa Kericho. Mama yangu alikuwa amejifungua juzi tu na hakuweza kusafiri. Jumamosi moja nikaitwa ofisini, nikamkuta Mama Mkubwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, miguu ina vumbi, kifurushi cha kitambaa mapajani. Nilipomwona nilifurahi, kisha nikaogopa.

Mwalimu aliyezoea kutafsiri alikuwa amekwenda Kisumu. Mkuu wa chuo akaniambia nitafsiri mwenyewe.

Mama Mkubwa alivuta pumzi, akaanza kwa Kijaluo, polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima. "Mwambie mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Mwambie mtoto huyu hakuiba. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano, na akichelewa kula anaanguka. Kwangu pia alikula kabla yangu, nikamwita mvunja mwiko. Nilikosea mimi. Sindano yake niliitupa, nikaona kwa macho yangu alivyotaka kufa. Mwambie amruhusu ale kwanza."

Hakuna mtu aliyewahi kunitetea hivyo, wala tangu hapo sijatetewa hivyo tena. Na kila neno alilosema lilikuwa likinifungia sanduku.

Nikamgeukia mkuu wa chuo. Kwa Kiingereza changu safi cha chuo nikasema, "Mama anasema anaomba radhi. Anasema nyumbani hatukufundishwa adabu ya mezani. Anasema ni uroho tu, na nimeshaadhibiwa."

Niliyasikia maneno yakitoka. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mkuu wa chuo akalainika. Alisema nitaosha sufuria za jikoni mpaka mwisho wa muhula, na jambo limekwisha. Nikashusha pumzi. Ndipo akamgeukia mgeni wake, akataka kumuaga kwa heshima, na akatumia Kiswahili kile cha walowezi, ambacho mimi sikujua kama anacho.

"Mama, asante kuja. Lakini wewe lazima fundisha hii mtoto heshima ya chakula. Sukari si yake, yeye nachukua kama mwizi. Hapana njaa hapa. Wewe mama, hii kazi yako."

Mama Mkubwa aliuza samaki wa kukaushwa sokoni Ogwedhi kwa miaka mingi, akipatana bei na Wamasai na Wakuria. Kiswahili cha kiwango hicho alikielewa chote. Hakunitazama mara moja. Alikitazama kwanza kifurushi chake, akakifunga upya fundo ambalo halikuwa limefunguka. Kisha akaniangalia usoni, na mimi sikuweza kuyainua macho yangu.

"Ndio, memsab," alisema. "Ni mimi nimekosa. Sikufundisha yeye. Samehe mimi."

Akainamisha kichwa, mwanamke ambaye boma zima halikuthubutu kula kabla yake.

Nilimsindikiza hadi langoni. Palikuwa na jiwe kubwa la kukalia kando ya barabara, akaketi, akanivuta mkono nikaketi pia. Nilianza kusema, "Mama, ungejua..." akanikatiza.

"Watakuacha ubaki?"

"Ndiyo, Mama."

"Na dawa iko hapa karibu?"

"Iko."

"Basi."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na mahindi mawili ya kuchoma, yamekwisha poa, punje changa za maziwa. Nilijua msimu. Nilijua ni ya shamba lake, na kwamba ndiyo ya kwanza kukomaa.

"Kula," akasema.

"Wewe umeshaonja?"

"Nimesema kula."

Nikala. Yalikuwa magumu kwa kupoa, lakini nilitafuna hindi lote kwa sababu alikuwa akinitazama. Nilipomaliza alinipokonya gunzi, akaligeuza kuhakikisha sikubakiza punje. Ndipo akachukua hindi lake, akalipangusa kwa kitambaa, naye akaonja.